Ruhusa ya Kuonja

Wanawake wa Msambweni wakitaka kujua jinsi ya kupika maharagwe mabichi yakawa matamu, huelekezwa kwa mama mdogo wangu, Mwanafatuma binti Abdulrahim. Naye huwafundisha, hana choyo. Chagueni machanga, huwaambia, yale yanayolia yakivunjwa. Vuteni uzi wa ubavuni utoke wote. Yachemsheni kwa tui la pili pamoja na kitunguu, bizari na embe bichi, kisha mtie tui zito mwishoni, mkiteka kwa kata na kumimina bila kuacha, lisije likakatika. Asiyekuwa na nazi ayakaange kwa kitunguu na nyanya, afunike, yaive kwa mvuke wake. Wanawake huenda zao wakimsifu, na wakimsifu pia mumewe, kwamba mke wa mpishi naye amekuwa mpishi. Mimi nikiyasikia hayo hukasirika, maana najua alivyofundishwa.

Mumewe, Salimu, ni mpishi katika hoteli moja ya Wazungu kule Diani. Uhuru ulipokuja, mpishi mkuu Mzungu alifunga mizigo yake akaenda kwao, na Salimu akashika nafasi yake, akavishwa kofia ndefu nyeupe. Barazani ni mtu wa maneno laini, huwaamkia wazee hata walio mbali. Nyumbani ni mwingine kabisa, lakini siri ya mtungi aijuaye kata.

Kila juma alileta maharagwe mabichi yaliyotoka bara, yale makavumakavu ambayo hoteli iliyakataa, akataka yapikwe kwa nazi na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Hiyo ng'onda ndiyo iliyokuwa taabu. Kipande hiki kimekolewa chumvi, kile hakina. Ukikiroweka sana kinapooza, ukikiroweka kidogo kinachoma ulimi. Chakula hicho hakipikiki bila kuonjwa. Siku za kawaida Mwanafatuma alionja, na bado akikosea kidogo alisukumiwa sahani, siku nyingine akapigwa kofi. Ramadhani ilipoingia ikawa balaa, kwa sababu Salimu alimkataza kuonja, eti ataharibu saumu. Yeye mwenyewe hotelini alionja supu za Wazungu mchana kutwa, akatema, akasema ile ni kazi. Sijui ya mkewe aliiona mchezo!

Ramadhani ya mwaka wa pili wa Uhuru chumvi ilimkosea futari baada ya futari, mpaka akaona bora aulize. Mwalimu Mwinyihaji alikuwa akiwasomesha wanawake baada ya alasiri, yeye upande huu wa pazia, wao upande ule.

"Mwalimu," Mwanafatuma akauliza, "mwanamke aliyefunga aweza kuonja chakula anachopika?"

"Kwa dharura aweza," mwalimu akajibu. "Ikiwa mumewe ni mkali, hamsamehe chumvi ikikosea, basi ataonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na saumu yake haina neno. Nani anayeuliza?"

Mwanafatuma aliinamia mkeka. Lakini Mishi, dada yake Salimu, aliyeketi naye bega kwa bega, akajibu mbiombio, "Ni wifi yangu, mwalimu. Mwanafatuma."

"Haya, Mwanafatuma. Salimu ni mkali kwa chakula?"

Wanawake wote wakageuka kumtazama. Neno moja tu lilitakiwa, "ndiyo," naye angepata ruhusa yake na kwenda kupika kwa amani. Lakini mwanamke wa kwetu hufundwa kabla hajaolewa kwamba ya chumbani hayavuki kizingiti, na kwamba ukimwaibisha mume umejiaibisha mwenyewe. Tunafundwa hivyo sote, na mimi nilifundwa, na hadi leo yananichoma. Shavu lilikuwa bado linamuuma kwa kofi la jana.

"La, mwalimu," akasema. "Mume wangu ni mpole."

"Alhamdulillahi. Basi wewe huna udhuru. Usionje."

Wanawake wakamwombea Salimu umri mrefu.

Jioni hiyo Salimu alikuja na wenzake kufuturu. Ng'onda ilikuwa kali. Wageni walimeza tonge chache, wakanywa maji mengi, wakasema wameshiba. Walipoaga, Salimu aliingia jikoni, akakiinua chungu kilichokuwa bado mekoni, akammwagia mkewe mkononi. Ngozi ilimtoka tangu kiwiko hadi kiganja.

Kulipokucha Mwanafatuma alikuwa kwa mjomba wake, mzee Boga. Kwetu Wadigo, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake.

"Shikamoo, mjomba. Sirudi kule. Nataka aniache."

Mzee Boga akawaita wazee, akamwita na Mwalimu Mwinyihaji. Salimu alifika amevaa kanzu safi, pamoja na dada yake, akawaomba wazee radhi kwa usumbufu, akasema chungu kilimponyoka. Mwanafatuma akaeleza yote tangu mwaka wa ndoa yao, kisha akaonyesha mkono. Wazee walitikisa vichwa wakasema masikini, masikini, naye akaanza kutumaini.

Ndipo mwalimu aliposema. "Mwanangu, mimi nilikuuliza. Ulijibu kwa kinywa chako kwamba mumeo ni mpole. Mishi huyu hapa alisikia."

"Nilisikia, mwalimu," akasema Mishi.

"Nilikuwa namsitiri," Mwanafatuma akasema.

"Yaani ulisema uongo, nawe umefunga? Basi hili la leo tulipokee vipi?"

Akisema alisema kweli, hana kesi. Akisema alisema uongo, nani amwamini? Mwalimu ni mtu wa elimu na namheshimu kwa hiyo elimu, lakini mkono ulikuwa mbele ya macho yao, mbichi, unatoa maji, na wao wakakaa kuuhukumu ulimi! Salimu hakuwa na haja ya kujitetea. Mkewe alikwisha kumtetea.

Mzee Boga alitazama chini. "Rudi kwako, mwanangu," akasema. "Ungesema mapema."

Hata yeye.

Akarudishwa siku ile ile, kabla ya magharibi. Salimu alikuwa ametangulia, na furushi la maharagwe mabichi lilikuwa mlangoni pa jiko likimngoja. Kwa mkono mmoja mtu hawezi kuyavunja, kwa hiyo Mishi akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akaanza kumsaidia. Wakafanya kazi hadi ungo ukajaa. Mishi akautazama mkono wa wifi yake uliofungwa kitambaa, akautazama na mlango, kisha akamwinamia na kumwambia kwa upole kabisa, kama mtu anayekutakia heri:

"Leo chumvi upunguze, wifi."