Mama Mkwe na Pazia la Mlangoni

Jumatano, tarehe tisa mwezi wa saba, mke wangu alifariki. Aliniachia mabinti wawili, mmoja wa miaka sita na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya.

Sikujua kama nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Mbwawa ingeweza kupokea watu wengi kiasi kile. Huku wengi tumehamia, tunajenga taratibu, na baadhi ya majirani nilikuwa nasalimiana nao tu njiani. Ndio walioleta mikeka, kuni na mchele. Mama mmoja ambaye hadi leo silijui jina lake alikuja kila jioni kuwaogesha watoto wangu mpaka arobaini ilipopita. Ninawashukuru wote, na nikiwaombea huanza na yule mama.

Baada ya hitima ya arobaini wageni waliondoka. Akabaki mmoja, mama mkwe wangu kutoka Kibuta.

Mimi nimelelewa kumwogopa mkwe. Sikai naye chumba kimoja, sili naye, na nikimwona anatoka bafuni ni lazima niwe sijamwona. Mke wangu alipokuwa hai, maneno yalipita kwake. Sasa yakawa yanapita kwa binti yangu mkubwa, ambaye bibi yake humtania kwa kumwita mke mwenza.

"Mke mwenza, mwambie huyo baba yako siioni chumvi," mama alikuwa akisema kutoka ndani.

"Mwambie bibi ipo kwenye kopo la maziwa," nilikuwa nikijibu kutoka barazani.

Mtoto alikuwa amesimama katikati, ameshika pazia. Siku ya pili akachoka. "Baba, bibi si amesikia?"

Nilimwachia mama chumba changu, mimi nikalala kwenye stoo ya saruji, kiwanja cha pili, ambako nafyatua matofali. Nilipita nyumbani kuoga kabla hajaamka ili tusikutane njiani, na sikurudi mpaka nihakikishe amekula na ameingia ndani. Niliona ndiyo heshima. Sitadanganya, vilevile nilikuwa nimechoka, na kule kwenye matofali hakuna aliyenipa pole.

Ijumaa binti yangu alinifuata huko. Alisema bibi anasema Jumapili ataondoka na mdogo wake, akamlee Kibuta.

Nilisimama na koleo mkononi. Mkwe habishiwi, na huyu alikuwa amemzika mwanawe. "Mwambie nimesikia," nikasema. Sikusema nimekubali, lakini najua neno langu lilipofika kwake lilikuwa na maana gani. Jioni nilikuta vinguo vya mtoto vimefuliwa, vimekunjwa, vimepangwa kwenye kikapu.

Jumamosi alasiri mtoto alianza kulia. Meno yalikuwa yanamsumbua. Nilimsikia mama anamwimbia, anambeba mgongoni, anazunguka naye uani, anamsihi anywe uji. Kilio hakikukoma. Mwenzangu wa kufyatua matofali akaniambia niende. Nikamwambia mkwe yupo ndani. Akanitazama, akasema, "Mkwe yupo, na mwanao je?"

Nikanawa saruji. Nilipofika mlangoni nikapiga hodi, nikasema, "Shikamoo mama, naomba niingie."

Akajibu kutoka ndani, "Marahaba. Pita."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, jasho linamtoka. Akavuta kanga akajifunika. Nilimpokea mtoto huku nikiangalia ukutani, nikamlaza begani, nikawa namsugua nyuma ya sikio kama alivyokuwa akifanya mama yake. Akalia kidogo tena, akashika kola ya shati langu, akanyamaza. Baada ya muda akawa mzito, amelala.

"Kila siku hulala hivyo," binti yangu akamweleza bibi yake. "Ulipokuja wewe ndiyo baba akahamia kwenye saruji."

Mama alinitazama moja kwa moja. Sikumbuki kama aliwahi kufanya hivyo tangu nilipooa kwake.

"Baba, kumbe ulikuwa unanikimbia mimi?"

"Nilikuwa nakupa nafasi, mama."

"Mimi nikajua unawakimbia hawa." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Nikasema, huyu hashindi nyumbani, halali nyumbani. Wajukuu zangu hawana mtu."

Nikamwambia kwamba sitaki mtoto aondoke. Nikasema siwezi kusuka nywele, na ugali wangu una madonge, lakini nawataka wote wawili hapa.

"Hayo madonge nimeyaona," akasema. "Mke mwenza, una baba mpishi mbaya." Tukacheka. Halafu akalia, nami nikalia, bado nauangalia ukuta, mtoto yuko begani.

Jioni ile alipika kisamvu. Alipakua, akaweka sahani yangu ndani, upande wa pili wa chumba. Nikala nikiwa nimempa mgongo. Hapo ndipo tulipofikia, na kwangu palitosha.

Jumapili asubuhi alivitoa vinguo kwenye kikapu, akavirudisha mahali pake. Akaniambia mwenyewe, bila kumtuma mtoto, kwamba atarudi mihogo ikivunwa, na nisije nikalala nje tena. Nikambebea kikapu mpaka kwenye bodaboda. Binti yangu akapunga mkono. Mdogo wake, niliyekuwa nimembeba, aligeuza uso akataka kunyonya kidole changu. Nikarudi naye ndani, nikabandika uji.