Jino la Juu

Walisema sitafika popote. Mwalimu wangu wa darasa la tano alitangaza mbele ya wenzangu kwamba mdomo wangu ungenifikisha stendi tu, kupiga debe. Jirani yetu kule Usoke alimwambia mama kuwa mimi ni wa kuchunga mbuzi, tena mbuzi wachache. Leo nina diploma ya ujenzi. Nimefanya kazi Dar miaka kumi na miwili na nimerudi Tabora kwa hiari yangu, si kwa kushindwa. Nyumba ninayoishi hapa Cheyo niliichora mwenyewe, na mafundi wenye mvi huja kuuliza ngazi ile niliipindaje. Nayasema haya mapema, rafiki yangu, kwa sababu yanayofuata hayanipi sifa yoyote.

Juzi binti yetu wa miezi saba aliota jino. Mke wangu ndiye aliyelisikia kwanza: kijiko cha uji kiligonga kitu kikalia, ti. Tulishangilia, tukacheza pale jikoni. Mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nasi, akatoka chumbani, akanawa mikono, akampokea mtoto na kumpitishia kidole kwenye fizi taratibu. Kisha, kabla hata hajatabasamu, akanigeukia mimi, si mke wangu.

"Umeshamwambia nani?"

Mke wangu alicheka, akidhani ni utani. Mimi nilitazama vigae.

Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku, mabani, yale mabanda ya kukaushia majani, yanafuka moshi mchana kutwa, na harufu yake tamu inayokwaruza koo ilikuwa kwenye nguo, kwenye mablanketi, hata kwenye ugali. Mdogo wangu wa kike alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Na mama, nakwambia, sijaona mtu mwingine anayefurahia mtoto mchanga namna ile. Siku mdogo wangu alipoikaza shingo yake mwenyewe, mama aliacha majani ya tumbaku nusu yamefungwa kwenye mti wa kuanikia, akapiga vigelegele. Siku alipomcheka kuku, vigelegele. Siku alipokaa peke yake kwenye ungo, mama alituita wote: "Njooni muone! Amekaa! Jamani, amekaa!" Ungedhani tangu dunia iumbwe hakuna mtoto aliyewahi kukaa.

Halafu alinituma mimi. Kwa jirani, kwa bibi, kwa wanawake wa kwaya, nipeleke habari. Na kwetu mleta habari njema harudi mikono mitupu: hapa nilitiwa karanga za kukaanga kiganjani, pale nikapewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikapikwa. Kazi hiyo niliipenda. Niliongeza na chumvi. "Amekaa peke yake, tena amenikonyeza!" Watu walicheka, karanga zikaongezeka. Waliniita mtangazaji.

Kisha habari zikakatika. Sikuelewa kwa nini. Mama aliacha kumtekenya mdogo wangu mbele ya watu. Alimbeba kwa mbele, uso umelalia kifua chake, na mgeni akiingia tu anampa titi. Mimi nilichokiona ni kimoja: mfuko wangu wa kaptula ulikuwa mtupu.

Alasiri moja mama alikwenda kuchochea moto banini, akaniachia mtoto. Nikavaa beseni kichwani, nikatembea kama askari. Mdogo wangu akacheka mdomo wazi, na pale juu, kwenye fizi, nikaona kitu cheupe kama punje ya mchele.

Sikusubiri kutumwa. Nilimweka mgongoni, nikamfunga kwa khanga ya mama, nikakimbia kisimani, maana saa ile wanawake wote walikuwa kisimani.

"Shikamooni!"

"Marahaba, mtangazaji," jirani yetu akaitikia, ameshika kamba. "Leo tunalipa karanga za nini?"

"Mtoto ameota jino!"

"Hee! Hongereni. Mwanamke mzima sasa. Limetoka la kushoto au la kulia, hapo chini?"

"Siyo chini," nikasema, nikijivuna kwa kuwa mimi ndiye niliyejua. "La juu! Nimeliona mimi wa kwanza!"

Jirani akaiachia kamba. Ndoo ikaanguka, na tukaisikia ikigonga maji huko chini.

"Umesema la juu?"

Nikadhani hawakusikia vizuri. Nikarudia kwa sauti zaidi.

Hakuna aliyenipa karanga. Mtoto anayeanza kuota meno ya juu huitwa kigego, na wakubwa walisema anazaliwa na mikosi yake mkononi. Zamani za mababu, watoto hao hawakuachwa nyumbani, walitupwa porini. Mimi hayo sikuyajua. Nani amweleze mtoto wa miaka tisa? Lakini nyuso zile nilizisoma, nikarudi nyumbani natembea.

Mama hakunichapa. Angenichapa ningeshukuru. Alikaa kwenye kigoda, akamfungua mdogo wangu mgongoni kwangu, akasema kwa sauti ya chini: "Nililiona siku nne zilizopita. Nilikuwa nangoja ya chini yatoke. Yakishajaa mdomoni, nani angeuliza lipi lilitangulia?"

Bibi alitaka mtoto apelekwe kwa mganga. "Ulimi hauna mfupa, sasa umetuvunja sisi mifupa," alisema, akiniangalia mimi. Mama alikataa, alisema mwanawe amebatizwa, inatosha. Jirani, aliyekuwa akimpakata mdogo wangu huku akifunga tumbaku, hakumgusa tena. Bani la mtu liliposhika moto, na mabani hushika moto kila mwaka, watu walitazama upande wa kwetu. Kanisani mama alihamia benchi la nyuma.

Na vigelegele vikaisha. Siku moja nilirudi shuleni, mdogo wangu akanijia kutoka upande wa pili wa ua, kipande cha muhogo mkononi, hatua imara kabisa. Zile hazikuwa hatua za kwanza. Alikuwa ametembea siku nyingi. Hakuna aliyenituma popote, na hakuna aliyeniambia.

Sasa yeye ni muuguzi Nzega, mweledi kuliko mimi, ingawa diploma tunazo wote wawili. Kila akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Watu husema ni adabu. Jumapili alikuja kumwona binti yetu, akamchungulia. "La chini! Mwenzangu wewe umefuata foleni." Kliniki kwake, anasema, siku hizi ni mara chache mama kuja na hofu hiyo, wengi hupiga picha ya jino wakaituma kwa ukoo mzima, liwe la juu, liwe la chini. Kisima kile kimefukiwa. Bani letu limebaki matofali machache, na bibi na jirani wote tumewazika.

Jioni ile, mdogo wangu alipoondoka, mama alikuwa anachambua mchele barazani. Nikaketi karibu naye, nikamuuliza nilichokuwa sijawahi kuuliza: huyu mdogo wangu alisimama dede siku gani? Hatua ya kwanza alipigia wapi?

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akatabasamu, tabasamu lile la zamani, la Usoke, ambalo nilidhani limeshakwisha duniani.

"Nakumbuka," akasema. "Nakumbuka na alichokuwa amevaa. Tulikuwa wawili tu. Nilijiziba mdomo kwa khanga nisipige kelele."

"Nisimulie, mama."

Akanitazama. Hakuwa na hasira.

"Wewe?" akasema. "Wewe sikusimulii, baba." Akarudi kwenye mchele wake.