Siku Niliyowaficha Ng'ombe

Msichana wa serikali alikuja Kitengela kuuliza nani anatumia mto wetu, huu unaopakana na mbuga. Alivaa viatu vyeupe, nikamhurumia na yale matope. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la pili, fimbo ilinishinda, lakini wacha hiyo.

"Mzee, uko na ng'ombe wangapi wanaokunywa hapa?"

Sisi Wamaasai hatuhesabii mgeni ng'ombe. Ukitaja idadi, ni kama unawaitia kifo.

"Niko na mmoja tu, tena kilema."

Jirani yangu akanitania kwa Kimaa, "Na huyo kilema ndiye analisha bibi zako wawili?" Tukacheka. Yeye pia akajibu ana mmoja. Msichana akaandika yote.

Mwaka uliofuata wakaweka ua wa waya kando ya mto, wakajenga hoteli ya watalii. Kiangazi kikaingia, tukakimbilia kwa chifu. Akatusomea ripoti ya yule msichana: mifugo ni wachache sana, hawahitaji njia ya maji.

"Si ninyi mlisema?"

Wa kwanza kufa alikuwa ng'ombe wangu wa maziwa. Alianguka hapo kwa waya, maji akiyaona. Na sitadanganya, msichana akirudi leo, sijui kama nitaweza kutaja waliobaki.