Doa Karibu na Kisima

Kwa miaka kumi na moja, fundi wa vipimo amekuwa akiichunguza ardhi iliyo kati ya jalala la mji na nyumba ya mama mwenye kisima. Kila mwezi huunganisha waya kwenye vigingi arobaini vya chuma, hupitisha umeme kidogo, na kompyuta humchorea picha ya chini ya ardhi. Maji machafu ya jalala hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo huonekana kama doa la buluu. Doa likifika kisimani, kisima kitafungwa.

Safari hii lilikuwa limefika. Lakini halikutokea jalalani. Vilikuwa vitone vitone, kimoja chini ya kila kigingi, kina cha goti tu. Jambo hilo lilimshangaza.

“Shikamoo, mama. Nani amegusa vigingi vyangu?”

“Marahaba, mwanangu. Kugusa? Nimevitunza! Si huwa unavimwagia maji ya chumvi? Nami nikakusaidia, kila asubuhi kopo moja moja.”

Fundi alicheka hadi akakaa chini. Yeye humwaga kikombe tu, siku ya kupima, ili udongo mkavu upitishe umeme.

“Mama, umeniungia ardhi kama mchuzi!”

“Chumvi imezidi?”

“Mno.”

“Basi kisima changu ni kizima?”

Kicheko kikamwishia. Aliitazama picha tena. Ile chumvi ilikuwa imeficha yote yaliyo chini yake.

“Sijui, mama. Tungoje mvua iioshe, nipime upya. Mpaka hapo, maji yake usinywe.”

Mama aliinua ndoo aliyokwisha kuteka, akaenda kuimwaga mbali kabisa na vigingi.