Begi la Nyuma ya Mlango

Kaka yangu ni mbunge, na ninampenda, lakini kwa habari ya amani tulikuwa hatuelewani kabisa. Akiulizwa na yeyote, awe mwandishi wa habari au muuza makaa, hujibu kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri na kwamba nchi changa haihukumiwi kwa miaka yake ya kwanza. Mimi nashona nguo hapa mtaa wa Nyakuron, katika mji mkuu. Nyuma ya mlango wangu pana begi jeusi lenye pasipoti zetu, vyeti vya kuzaliwa vya wanangu watatu, na vyeti vyangu vya shule kutoka Kenya tulikokulia. Bunduki zikianza kulia, nalibeba tunaondoka. Nimeshalibeba mara mbili.

Begi hilo lilimuudhi. Kila Jumapili alipokuja kula, alilitazama kabla hajanisalimu.

"Dada, siku utakayolifungua hilo begi, nitajua nchi imepona."

"Ipone kwanza, ndipo nilifungue."

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye hata sanduku lake la safari alikuwa amelitoa zawadi. Alisema mbunge akionekana amefunga mizigo, raia watafanya nini?

Basi akateuliwa kwenda kwenye mazungumzo nje ya nchi, na asubuhi ya safari akaja kwangu kuazima begi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwaga karatasi zangu zote kwenye gunia la unga, nikampa.

Zile wiki mbili zilinitesa. Tairi likipasuka barabarani, mkono wangu ulikuwa kwenye gunia. Nilimkasirikia na kumwombea kwa wakati mmoja.

Alirudi Jumamosi, amekonda.

"Mmefika wapi?" nikamuuliza.

"Tumekubaliana tukutane tena. Ni hatua, dada. Watu waliokuwa hawataki kukaa chumba kimoja wamekunywa chai pamoja."

"Chai hata sisi tunakunywa."

Siku nyingine angenihubiria nusu saa. Safari hii alilirudisha begi nyuma ya mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaomba maji, akaenda zake.

Nilipolifungua ili nirudishe karatasi zangu, nilikuta bahasha. Ndani yake mlikuwa na pasipoti yake, cheti chake cha ndoa na hati ya kiwanja chake. Nikampigia simu.

"Umesahau vitu vyako huku."

"Sijasahau," akasema. "Weka pamoja na vyako. Kalas, basi."

Miaka yote nilitaka kaka yangu akubali kwamba sikosei. Alipokubali, nilikaa kitandani na bahasha yake mkononi, nikaogopa kuliko siku zote mbili nilizokimbia.

Kesho yake alipokuja kula, nilimpakulia asida, ugali wa kwetu, na bamia, nikamwomba anieleze tena jinsi mazungumzo yanavyoendelea vizuri.