Usukani Uliowambwa Kama Ngoma

Kila ninaponusa ngozi mbichi ya mbuzi, najiona nimekalia usukani wa motakaa ya Mdachi. Mti wa usukani huo ulikuwa umepasukapasuka kwa jua, na mjomba wangu, dereva, aliahidiwa viboko usipotengenezeka. Mjomba akaung'oa, na Babu, fundi wa ngoma, akauweka chini, akauvika ngozi mbichi na kuishona huku akiivuta.

“Ukalie, figa, usitikisike!” Babu akaniambia.

Watoto wenzangu ndio walioniita figa, maana kama mawe ya jikoni, sikubanduka nyumbani. Basi nikakaa, kazi ya kukaa haijawahi kunishinda. Ngozi ilipokauka, ilibana nyufa zote. Mjomba akaurudisha kwenye motakaa. Mdachi akauzungusha huku na huku, akacheka, akamwambia mjomba aujaribu hadi Mlali. Mjomba akanipakia. Wenzangu wakatukimbilia kwa kelele:

“Jamani, figa linatembea!”