Mwendo wa Haraka Buyenzi

Huseni alipoanguka dukani akafa, watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, waliuliza swali moja tu: risasi ilimpata wapi? Walipoambiwa ni moyo, wakaguna. Mwaka 2001 ule wa vita, jamani, nani alikuwa bado anakufa kwa moyo! Mdogo wake Tajudini, muuza vipuri, alimzika bila chozi. Alikuwa amezika wengi. Ndani mlishakufa ganzi.

Baada ya arobaini, Tajudini naye akapimwa damu. Kolesteroli ilikuwa juu mno.

"Unashinda kwenye kiti," daktari akamwambia. "Mafuta yanaganda kwenye mishipa. Tembea haraka nusu saa kila siku, utoke jasho. Ile kolesteroli mbaya itashuka, ile nzuri inayosafisha itapanda."

Tajudini hakuogopa. Hata woga ulikuwa umemwisha. Lakini sasa nyumba mbili zilimtegemea, yake na ya Kudra, mjane wa kaka yake, mwenye watoto wanne. Akifa yeye, basi tena.

Kesho yake akatoka, avenyu ya kwanza mpaka ya mwisho, chapuchapu. Balaa! Mtu mzima anakwenda kasi, hana mzigo, na vita iko hapo mlimani: kina mama wakajua waasi wameshaingia. Alipogeuka nyuma, avenyu nzima ilikuwa na magodoro kichwani.

"Kuna nini, Tajudini?"

"Hakuna kitu! Natembea tu!"

"Unatembea unaenda wapi?"

"Apana kwenda. Natembea."

Walimtukana mpaka wakachoka. Tangu hapo akawa anabeba kabureta mkononi, aonekane anampelekea fundi, na hakuna aliyemjali tena.

Miezi sita alitembea hivyo, siku za milio ya bunduki na siku za kimya, hana raha, hana huzuni. Alipopimwa tena, mbaya imeshuka, nzuri imepanda kidogo. Daktari akampa mkono. Tajudini akasema asante, akakunja karatasi, akaenda kumwonyesha Kudra, labda yeye angefurahi.

Kudra aliisoma, akakaa chini.

"Huseni alileta karatasi kama hii," akasema. "Na yeye aliambiwa atembee."

"Hakuniambia."

"Asubuhi moja alivaa viatu. Mi ndo nilifunga mlango, shemeji. Nilimwambia nje kuna kufa, kaa hapa."

Tajudini alitaka kumwambia si kosa lake. Akakaa naye mkekani, akamlilia kaka yake, akashangaa sauti yake mwenyewe.